Usinunue mashine ya barakoa: jibu kwa fundi cherehani wa Arua

Swali: "Mimi ni fundi cherehani hapa Arua. Nina cherehani nne, ovaloki moja na wasichana watatu ninaowalipa kwa kipande. Kazi yetu kubwa ni sare za shule na gomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya wanawake. Mwaka 2020 shule zilipofungwa na sherehe kukatazwa tuliingia kwenye barakoa. Mwanzo tulipata, halafu tukabaki na magunia. Tangu hapo Ebola imerudi mara mbili nchini, na kuna mtu wa Kampala ananiuzia mashine iliyotumika ya kutengeneza barakoa za hospitali. Anasema ugonjwa mwingine ukija nitakuwa wa kwanza. Nina akiba kidogo, na mkopo wa Emyooga, ule mpango wa serikali wa mitaji, unawezekana. Ninunue? Kama siyo, nijiandae vipi?"

Dada yangu, nianze na la pesa kwa kuwa ndilo lenye haraka. Usinunue. Huyo mtu akikupunguzia bei hadi nusu, bado usinunue, na mkopo wa Emyooga usiuguse kwa ajili hiyo.

Barakoa ya hospitali, ile ya bluu, haitokani na kitambaa unachokijua wewe. Ina matabaka matatu ya polipropilini, plastiki ileile ya magunia ya sukari, iliyoyeyushwa ikavutwa kuwa nyuzi. Matabaka mawili ya nje ni ya kukinga na kushikilia tu. Lile la katikati lina nyuzi nyembamba mara nyingi kuliko unywele, tena zimetiwa chaji ya umeme ili zinase vijidudu vinavyopita. Hilo la katikati ndilo barakoa yenyewe, na mashine unayouziwa hailitengenezi. Inachofanya ni kuvuta marobota matatu, moja la kila tabaka, kwa pamoja, kuyakunja, kuyabana kingo na kubandika kamba za masikio. Marobota yanatoka nje, sehemu kubwa China. Mwaka 2020 dunia nzima iliyakimbilia kwa wakati mmoja, bei ya lile la katikati ikapaa, na mashine bila robota hilo ni chuma tu.

Sasa jiweke wewe hapo. Ugonjwa ukitangazwa utakuwa na mashine, sawa, lakini malighafi yako itakuwa nyuma ya maagizo ya nchi kubwa, kisha kwenye meli, kisha Mombasa, kisha kwenye foleni ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Unaikumbuka foleni ile, malori yamepangana kilomita nyingi, madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Kutoka Malaba hadi Arua unajua mwenyewe.

Na mnunuzi ni nani? Hospitali za serikali hupata vifaa kupitia Bohari ya Taifa ya Dawa, NMS, ambayo hununua kwa zabuni kubwa, kwa mtu mwenye vyeti vya ubora na mtaji wa kusubiri malipo. Kliniki binafsi hapo mjini hununua boksi la barakoa 50 lililotoka China, kwa bei ambayo hutaifikia hata ukishona bila faida. Kwa hiyo ungebaki na mauzo ya siku za hofu tu, na hofu haina ratiba. Mtu anayekuuzia mashine hiyo anajua haya yote, ndiyo maana anaiuza.

Magunia yako ya 2020 nayo yana maelezo, na nayatoa ili usidhani ilikuwa bahati mbaya. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 21 Machi mwaka huo. Mwanzoni mwa Mei Rais Museveni akatangaza kwamba kuvaa barakoa mbele za watu ni lazima. Papo hapo kila mwenye cherehani, kuanzia Kiyembe kule Kampala hadi vibaraza vya Arua, akawa mshona barakoa. Kipande kidogo cha kitambaa, lastiki, dakika chache. Kazi ambayo kila mtu anaiweza tangu siku ya kwanza haikai na bei. Kisha serikali ikasema itagawa barakoa za kitambaa bure kwa kila mtu wa miaka 6 na kuendelea, na mteja wako akaona bora asubiri ya bure. Zile za bluu za kutupa zikashuka bei baadaye, na biashara ya barakoa ya kitambaa ikazimika wakati ugonjwa wenyewe bado uko mitaani.

Viwanda ndivyo vilivyofaidi zile za serikali. Nytil ya Jinja, iliyoanzishwa miaka ya 1950 pembeni ya umeme wa Owen Falls, ilikuwa tayari inasokota uzi wa pamba yetu, inafuma kitambaa na kushona sare za jeshi. Walipoingia kwenye barakoa hawakuhitaji kutafuta mnunuzi, kwa sababu serikali ilikuwa inawafahamu kwa miaka. Huko nje ilikuwa vivyo hivyo. Machi 2020 LVMH ya Ufaransa iligeuza viwanda vyake vya manukato vikatengeneza dawa ya kutakasa mikono ndani ya siku chache, maana spiriti, chupa na pampu vilikuwa vimo humo humo. Prada ilishona barakoa na gauni za wahudumu wa afya kwa mkoa wa Tuscany, Italia. Wote hao walitumia mitambo, mikono na wateja waliokuwa nao jana yake. Walioumia zaidi ni wale wenye mlango mmoja wa kuuzia: Bangladesh, maduka ya Ulaya na Marekani yalifuta au kusimamisha maagizo ya zaidi ya dola bilioni 3, nguo nyingine zikiwa zimeshashonwa na kupangwa kwenye makatoni.

Wewe mlango wako mmoja ni kalenda ya shule, nitaufikia. Lakini kwanza swali ambalo ningependa ulibebe kuanzia leo: ni kitu gani ninachoweza kushona kwa cherehani hizihizi ambacho hospitali inakinunua Jumanne ya kawaida, bila mlipuko wowote wa ugonjwa? Hicho ndicho mahitaji yake yatapanda siku ugonjwa ukija, na wakati huo utakuwa tayari unajulikana kwa mlinzi wa getini, kwa dobi na kwa mhasibu.

Vipo vingi kuliko watu wanavyodhani. Mashuka. Gauni za wagonjwa. Sare za wauguzi na madaktari, zile za suruali na blauzi ya shingo ya V. Gauni za chumba cha upasuaji. Vitambaa vya kijani vyenye tundu katikati vya kumfunika mgonjwa anapopasuliwa. Vitambaa vya kufungia vyombo kabla havijaingizwa kwenye mashine ya mvuke. Mifuko ya nguo chafu. Mapazia ya kutenganisha vitanda. Kila kimoja kinachakaa, maana kinafuliwa kwa klorini na kuchemshwa wiki hadi wiki, na kila kimoja kinaibiwa. Hospitali hazipendi kulisema hilo, lakini mashuka hutembea.

Usianze na hospitali ya rufaa. Katika hospitali nyingi za umma mgonjwa huja na shuka lake kutoka nyumbani, na manunuzi yake yana safari ndefu. Anza na za misheni: Kuluva iko karibu nawe, Maracha wana St. Joseph's, na ukishuka kusini kuna Angal na Nyapea. Kisha kliniki binafsi za mjini zenye chumba cha kujifungulia. Ukifika usiombe kuonana na mkurugenzi. Muulize msimamizi wa dobi, au muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, akuonyeshe nguo iliyochakaa zaidi. Itazame imechanikia wapi. Hayo ndiyo maelekezo ya kazi unayoyahitaji, na hakuna atakayekuandikia karatasi bora kuliko hiyo.

Hapa sasa ufundi unaingia, na ndipo mafundi wazuri wa gomesi hukosea. Nguo ya hospitali haipimwi kwa inavyoning'inia siku ya kwanza. Inapimwa baada ya kufuliwa mara hamsini. Vitu vya chumba cha upasuaji huingia kwenye mvuke wa nyuzi joto 121, pengine hadi 134. Pamba tupu iliyofumwa kwa kubana inauvumilia mvuke huo vizuri, ila inasinyaa. Kabla ya kukata jora lolote la pamba chukua kipande cha mita moja kwa mita moja, kichemshe, kikaushe, kipige pasi, kisha kipime tena. Kikipungua sentimita nne, basi jora lote lifuliwe kwanza au uongeze kipimo. Usimwamini mwenye duka anayesema kimeshasinyazwa kiwandani.

Sare za wauguzi ni habari nyingine. Hizo hazihitaji mvuke, zinahitaji kustahimili klorini na kubaki na rangi, na hapo tetroni, mchanganyiko wa poliesta na pamba, huishinda pamba tupu. Uzi uwe wa poliesta kwa kila kitu. Lastiki achana nayo kabisa, kwani klorini na maji ya moto huila haraka, na suruali ya muuguzi itaanza kumshuka katikati ya zamu. Weka kamba kiunoni. Vifungo pia punguza, funga kwa vikamba vya kitambaa. Mishono ya ndani ikunjwe na kupigwa mara mbili kama ya jinzi, ili nyuzi zisichomoze, kwa sababu nyuzi zinazochomoka chumba cha upasuaji huishia kwenye kidonda cha mtu. Ovaloki yako inafaa kwa mashuka na sare, lakini kwa vile vitambaa vya kijani usiitegemee peke yake.

Kwa wizi wa mashuka kuna mbinu isiyogharimu. Shona utepe wa rangi kwenye pindo, rangi moja kwa kila wodi, na upige chapa ya jina la hospitali katikati ya shuka badala ya pembeni, maana la pembeni hukatwa. Ukimwonyesha msimamizi wa dobi shuka moja la namna hiyo, hutahitaji kumweleza mengi.

Kuhusu Ebola yenyewe, kwa kuwa umeitaja. Mlipuko wa Septemba 2022 ulianzia Mubende, na nchi ilitangaza umekwisha Januari 2023 baada ya watu 55 kufariki kati ya wagonjwa 142 waliothibitishwa. Mwaka 2025 ukaibukia Kampala mwishoni mwa Januari na kutangazwa kwisha Aprili. Wewe uko pua kwa pua na Congo, hofu yako naielewa. Lakini lile vazi la kujifunika mwili mzima wanalovaa wahudumu wa Ebola usijaribu kulishona, hata mtu akikuletea kitambaa cha kweli. Kila pigo la sindano ni tundu. Kiwandani mishono ile huzibwa kwa utepe unaogandishwa kwa joto, kisha vazi hupimwa kama majimaji yanapenya. Fundi anayeshona vazi hilo kwa cherehani ya kawaida anaweza kumuua muuguzi, na nalisema bila kupunguza.

Ila chini ya vazi lile muuguzi anavaa nini? Ile ile suruali na blauzi ya shingo ya V, nayo huvuliwa na kufuliwa kila anapotoka. Kituo cha matibabu kinapofunguliwa huhitaji sare hizo kwa haraka, pamoja na mashuka, na nguo za kuwavisha wanaopona, kwa sababu walizoingia nazo kwa kawaida huchomwa moto. Hiyo ndiyo kazi yako wakati wa mlipuko. Mashirika yanayohudumia wakimbizi Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi hununua vitu vya aina hii hata bila ugonjwa. Watataka namba ya mlipa kodi, risiti zinazoeleweka na mtu anayejibu simu. Kama hujasajili biashara, sehemu ya kwanza ya akiba yako ipeleke huko. Kazi ikizidi cherehani nne, patana mapema na mafundi wengine wawili au watatu wa Arua juu ya patani moja, yaani kielelezo kimoja cha kukatia, na kitambaa kimoja. Mafundi wetu hukubaliana vizuri hadi siku oda inapokuja, halafu kila mmoja anaipeleka bei yake mwenyewe gizani. Andikeni.

Barakoa ya kitambaa usiitupe kabisa, weka patani yake ukutani. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza namna inayofaa: tabaka la ndani la pamba linalonyonya unyevu, la katikati la polipropilini isiyofumwa, la nje la poliesta au mchanganyiko usioshika maji. Ile isiyofumwa ndiyo ya mifuko mingi ya sokoni iliyokuja baada ya kaveera, mifuko ya plastiki, kupigwa vita. Ukiitwa kushona, shona kwa oda iliyolipiwa, usishonee gunia.

Sasa shule. Zilifungwa Machi 2020, madarasa ya mitihani yakarudi Oktoba, na kufunguliwa kwa wote kukaja tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Wanafunzi kama milioni 15 walikaa nyumbani karibu miaka miwili, na mafundi walioumia mno si waliokosa oda. Ni wale waliokuwa wameshakata. Jora la kitambaa cha bluu bado unaweza kuligeuza ovaroli ya fundi magari au sare ya mlinzi, lakini likishakuwa gauni lenye kola ya shule fulani limekwisha, linangoja watoto wa shule ile. Na watoto waliporudi walikuwa wameongezeka urefu, saizi zilizokuwa rafuni hazikuwatosha.

Kwa hiyo kata kwa malipo ya awali tu, angalau yanayofidia kitambaa. Najua mwalimu mkuu atanuna. Mpe kitu badala yake: ahadi ya siku saba, au pindo refu la kuachia mtoto akikua, ambalo wazazi wanalipenda kuliko punguzo la bei. Sweta za rangi mbili za shule moja usiziweke akiba hata kidogo. Akiba yako iwe kwenye vitambaa visivyo na mwenyewe: drili nyeupe ya pamba, tetroni ya bluu ya bahari, kijani cha hospitali. Mapato ya sare ya shule yakizidi nusu ya mapato yako yote, yahesabu kama hatari.

Usidhani pia kwamba kwa kuwa Uganda inalima pamba kitambaa kitakuwa nafuu kwako dunia ikiyumba. Sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa marobota, na kitambaa tunakinunua kikirudi. Aprili 2020 pauni moja ya pamba sokoni New York ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani, na Mei 2022 ikapita dola 1 na nusu. Juu ya hapo weka nauli ya meli, iliyopanda vibaya mwaka 2021. Drili nyeupe ukiipata kwa bei nzuri msimu wa utulivu, nunua jora la ziada. Hospitali italimaliza kwa vyovyote.

Gomesi sina wasiwasi nayo sana. Sherehe zilisimama zikarudi, na watu waliahirisha kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, hawakuifuta. Tena gomesi ni vazi linalokubali kushonwa kwa mbali: limepwaya, linafungwa kwa mshipi, halidai kumbana mtu kifuani. Urefu kutoka bega hadi sakafuni, mabega, mkono, kiuno ili ujue urefu wa mshipi, basi. Mteja wa Kampala au wa Juba anaweza kukutumia vipimo hivyo kwa WhatsApp na pesa kwa simu, ukamtumia gomesi kwa basi. Zoeza wateja wako sasa, wakati barabara ziko wazi. Vitenge vya Ariwara, soko la upande wa Congo, vyenyewe hutegemea mpaka, nao mwaka 2020 ulifungwa kwa abiria ndani ya siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza.

Pedi za kufua nazo ziangalie. AFRIpads wamejenga kiwanda kizima juu ya bidhaa hiyo kule Masaka tangu 2010, kwa hiyo soko lipo, ingawa ushindani wao si mchezo.

Limebaki la wasichana wako. Kulipa kwa kipande kunakulinda wewe wakati kazi hakuna, na kuwaacha wao bila chochote. Wasichana wengi kama hao walirudi vijijini mwaka 2020, na mafundi walipofungua tena hawakuwa na mtu wa kukaa kwenye cherehani. Kazi ya hospitali itakudai mikono iliyozoea, kwani mshono wa kukunja mara mbili haufundishwi kwa siku moja. Nakushauri uwape kiasi kidogo kisichobadilika kila mwezi, halafu kipande juu yake, na ukate sehemu ndogo ya kila oda iliyolipwa uiweke kwa jina lao. Mkopo wa Emyooga, kama utauchukua, mafundi cherehani wamo rasmi katika makundi yake. Uchukue siku utakapokuwa na oda ya hospitali mkononi na huna pesa ya kitambaa. Hapo utaurudisha kwa malipo ya oda yenyewe.

Mwambie mtu wa Kampala kwamba umeshanunua drili. Ukipata oda ya kwanza na ukakwama kwenye gauni ya upasuaji, hasa ule mgongo unaopishana na kufungwa pande mbili, niandikie vipimo vyao nikuchoree patani.